Watoto wafundishwe kukusanya, wasifundishwe kuuza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni juu ya jambo ambalo katika nchi yetu linaelekea kuharibiwa kabla halijakomaa, yaani kuwazoesha watoto hobi ya kukusanya vitu na kuvitunza: stempu, sarafu, noti zilizoacha kutumika, makombe ya pwani, hata majina ya kanga. Kilichonisukuma kuandika ni ule uvumi unaozunguka katika simu za watu kila baada ya miezi michache, unaodai kwamba sarafu fulani za zamani, hasa zile zenye tundu katikati na zile zenye sura ya Mwalimu Nyerere, zinanunuliwa na matajiri wa ng'ambo kwa mamilioni ya shilingi. Uvumi huo ukipita mtaani, masanduku ya bibi hupekuliwa, watoto waliojiwekea visarafu vyao katika kopo hunyang'anywa kwa ahadi ya baiskeli, na hatimaye hujitokeza mtu anayejiita wakala, akitaka atumiwe kwanza ada ya kusajili sarafu hizo kabla mnunuzi hajafika. Mnunuzi hafiki.

Ukweli wa sarafu hizo unajulikana na hauna siri yoyote. Senti tano na senti kumi zenye tundu, zilizopambwa kwa pembe za ndovu, zilikuwa fedha ya kila siku ya Kenya, Uganda na Tanganyika, na kuanzia mwaka 1936 Zanzibar nayo ikaingia katika shilingi hiyo hiyo ya Afrika Mashariki. Zilitengenezwa kwa mamilioni. Sarafu za kwanza za Tanzania za mwaka 1966, zilizotoka baada ya Benki Kuu yetu kuanzishwa mwaka huo huo, nazo zilitengenezwa kwa mamilioni. Sarafu haiwi ghali kwa uzee wake peke yake; huwa ghali pale zilipobaki chache, zikiwa hazijachakaa, na wanaozitaka wakiwa wengi kuliko walio nazo. Kopo la sarafu za mjomba, zilizosuguana mfukoni na sokoni kwa miaka, mara nyingi halifikii bei ya kilo ya nyama. Naliandika jambo hili waziwazi kwa sababu naamini kwamba mtoto akianzishwa katika ukusanyaji kwa tamaa ya bei, siku atakayoambiwa bei ya kweli ndiyo siku atakayolitupa kopo.

Kwa hiyo tuanzie kwa mtoto mwenyewe. Watoto hawahitaji kufundishwa kuokota na kuweka, kwani hilo wanalifanya tangu hawajaanza shule: vizibo vya soda, gololi, karatasi za jojo, picha za wachezaji wa Simba na Yanga zilizokatwa magazetini, vijiti, mawe ya mtoni. Mama mtu hulalamika kwamba chini ya kitanda kumejaa takataka, na mara nyingi hiyo ndiyo hobi yenyewe iliyofagiliwa. Kinachokosekana ni mtu mzima wa kukaa na mtoto sakafuni na kumuuliza kipi kinakwenda na kipi, na kwa nini. Swali hilo likishaulizwa, rundo linaanza kugawanyika. Vizibo vyekundu huku, vya kijani kule. Kisha mtoto anagundua kwamba viwili vinavyofanana rangi vina maandishi tofauti. Kisha anataka kujua kilichoandikwa. Mtoto ambaye hajui kusoma atataka kusoma kwa sababu ya kizibo. Nimelishuhudia hili katika miaka yangu ya ualimu, wala si kwa watoto wenye vipaji tu.

Hapa naomba wazazi wajizuie kidogo. Tabia yetu ni kumsahihisha mtoto haraka, na mzazi mwenye kujua kidogo juu ya sarafu atataka zipangwe kwa miaka, kuanzia ya kale hadi ya sasa, kwa sababu ndivyo wakubwa wanavyopanga. Mtoto wa miaka sita au saba atazipanga kwa wanyama, na kwa fedha za Tanzania hilo ni jambo zuri sana, maana wanyama wapo wa kutosha. Ndururu ya mwaka 1966 ina samaki, senti ishirini ina mbuni, sumuni ina sungura, na senti kumi iliyofuata mwaka 1977 ina pundamilia. Katika sarafu za baadaye yumo tembo kwenye shilingi ishirini, faru kwenye hamsini, swala kwenye mia, simba kwenye mia mbili, na nyati kwenye ile ya mia tano iliyotoka mwaka 2014. Mwachie afanye mbuga yake mezani. Mwaka utakaofuata, au baada ya miwili, yeye mwenyewe ataona kwamba nyuma ya wanyama hao kuna sura za watu na kwamba sura hizo zinabadilika, na hapo ndipo atakapouliza kwa nini Mwalimu yupo hapa na Mzee Karume yupo pale. Akiwa na jamaa Kenya, atapata jambo jingine la kuuliza: sarafu za zamani za huko zina sura za Kenyatta, Moi na Kibaki, lakini zilizotoka Desemba 2018 zina twiga, kifaru, simba na tembo bila sura ya rais yeyote. Jibu lake limo katika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, inayokataza noti na sarafu kuwa na sura ya mtu binafsi. Sijui njia nyingine ya kumfanya mtoto wa darasa la tano aulize swali la katiba kwa hiari yake.

Noti nazo zinafaa, ingawa kwa kiasi. Kati ya Januari na Aprili 2025 Benki Kuu ya Tanzania iliziondoa katika matumizi noti za zamani zilizotolewa kati ya mwaka 1985 na 2003, pamoja na ile ya shilingi mia tano ya mwaka 2010, na watu wakatakiwa kuzipeleka benki wabadilishiwe. Kabla yao Wakenya walikwisha kuaga noti yao ya zamani ya shilingi elfu moja tarehe 1 Oktoba 2019. Kwa familia ya kawaida lilikuwa jambo la busara kubadilisha zote. Lakini penye uwezo, noti moja ndogo iliyobakizwa makusudi na kuwekwa ndani ya kitabu ni somo ambalo mtoto atalikumbuka kuliko mhadhara wowote juu ya fedha: karatasi ile ile, picha ile ile, jana ilinunua mkate na leo hainunui kitu.

Nije kwenye stempu, ambazo nakiri kuzipenda zaidi ya vyote. Wengi watasema zama zake zimepita, kwa kuwa barua haziandikwi tena na watoto wetu hawajui hata sanduku la posta hufunguliwaje. Sikubaliani nao kwa sababu moja. Stempu za sehemu hii ya dunia ni historia iliyokwisha kukatwa vipande vidogo vinavyotosha katika kiganja cha mtoto. Chukua ardhi hii moja tunayoishi. Stempu zake za kwanza zilikuwa za Wajerumani, zikigongwa thamani kwa «pesa», sarafu ndogo ya koloni wakati ule, juu ya stempu za kwao mwaka 1893, na baadaye zikaja zenye picha ya meli na jina la Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani. Vita vya kwanza vya dunia vilipowaondoa Wajerumani, Waingereza wakagonga herufi G.E.A. (German East Africa, jina hilo hilo kwa Kiingereza) juu ya stempu zao. Mwaka 1922 likatokea jina la Tanganyika pamoja na kichwa cha twiga. Kuanzia mwaka 1935 majina yakawa matatu katika stempu moja, Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa kuwa huduma ya posta ilikuwa moja. Mwaka 1961 zikatoka zilizoandikwa «Uhuru 1961». Mwaka 1964, katika miezi michache kati ya Muungano wa Aprili na kupatikana kwa jina jipya mwezi Oktoba, zikatoka stempu zenye jina refu la Jamhuri ya Muungano ya Tanganyika na Zanzibar kwa Kiingereza. Ndipo ikaja Tanzania. Mtoto anayezipanga hizo katika ukurasa mmoja wa daftari hana haja ya kukariri mpangilio huo, maana ameushika kwa vidole vyake.

Zanzibar ina msururu wake, na kwa maoni yangu ni mzuri kuliko wa Bara. Ulianza na stempu za India zilizopigwa chapa ya neno Zanzibar mwaka 1895, ukafuata wa masultani mmoja baada ya mwingine, na Khalifa bin Harub, aliyetawala kuanzia mwaka 1911 hadi 1960, akaacha stempu nyingi kiasi kwamba mtoto anaweza kumwona akizeeka. Kisha yakaja Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Serikali mpya haikuweza kusubiri stempu mpya zichapwe, kwa hiyo stempu za zamani zenye sura ya sultani zikagongwa kwa muhuri wa mkono neno JAMHURI na mwaka 1964. Zipo ambazo muhuri umekaa upande, na zipo ambazo wino umefifia, kwa sababu ni karani aliyekuwa akigonga, wala haikuwa mashine. Mweke mtoto wa miaka kumi mbele ya stempu hiyo na kioo cha kukuzia, kisha umwache.

Wapo watakaouliza stempu hizo zitapatikana wapi leo. Si zote zitakazopatikana, na zile adimu, kama zilizogongwa Mafia baada ya Waingereza kukiteka kisiwa hicho mwaka 1915, mtoto ataridhika kuzijua kwa picha. Nyingine hata hivyo ziko karibu kuliko tunavyodhani. Zimo katika bahasha za barua ambazo babu alizipokea kutoka kwa kaka yake aliyekuwa Muscat, katika majalada ya zamani ya parokia na madrasa, katika ofisi za mawakili na wakala wa meli, na katika vitabu ambamo kadi ya Idi au Krismasi ilitumika kuwekea alama. Mtoto afundishwe kuomba kwa adabu, na aelezwe jambo ambalo wakubwa wengi hawalijui: bahasha ya zamani yenye stempu na muhuri unaosomeka isikatwe. Muhuri wa posta ndogo ya wilayani, wenye jina la mahali na tarehe, mara nyingi husimulia mengi kuliko stempu yenyewe, na mkasi ukishapita umekwisha kukitenganisha kilichokuwa kitu kimoja. Za karibuni, zilizo nyingi, ndizo zikatwe pamoja na karatasi kidogo pembeni, zilowekwe katika sahani ya maji ya uvuguvugu mpaka zijiachie zenyewe, kisha zikaushwe juu ya gazeti kuukuu na kulaliwa na kitabu kizito. Bahasha za kaki na za rangi zilowekwe mbali, kwa kuwa huchuja. Zile za kisasa zinazojibandika zenyewe hazikubali maji. Ziachwe na karatasi yake.

Katika miaka ya 1980 na 1990 zilitolewa pia stempu nyingi zenye jina la Tanzania na picha za dinosaria, waigizaji wa filamu na wanamuziki wa Marekani, ambazo zililengwa kwa soko la wakusanyaji wa nje, na nyingi hazikupata kubandikwa kwenye barua hata moja ya kutoka Singida. Mtoto akizipenda, azipende. Asiambiwe tu kwamba ni hazina.

Kuhusu hazina, kipo kisa ambacho kila mwenye kuzungumzia stempu hukisimulia, nami nitakisimulia kwa kuwa kinasimuliwa vibaya. Mwaka 1873, katika Guyana iliyokuwa koloni la Uingereza, mvulana wa miaka kumi na miwili aitwaye Vernon Vaughan alikuta katika karatasi za mjomba wake stempu ya senti moja ya mwaka 1856, nyekundu ya zambarau, iliyochakaa na kukatwa pembe zake. Akaiuza kwa shilingi sita za Kiingereza. Stempu hiyo ndiyo pekee ya aina yake inayojulikana duniani, na mwaka 2014 iliuzwa New York kwa zaidi ya dola milioni tisa. Watu hukisimulia kisa hiki kwa kumhurumia yule mvulana. Mimi huona kwamba alikuwa mkusanyaji wa kweli: aliiuza kwa sababu ilikuwa mbovu na alitaka fedha za kununua nyingine nzuri zaidi kwa mkusanyo wake, na bila yeye kupekua karatasi za mjomba, ile stempu huenda ingeishia jikoni kuwashia moto. Afadhali mtoto wangu awe Vernon kuliko awe mtu anayefungia kabatini kitu asichokitazama, akisubiri kipande bei.

Nimetaja daftari, na hapo ndipo penye kiini cha barua hii. Kitu chochote kinachoingia katika mkusanyo wa mtoto kiandikwe siku hiyo hiyo: ni nini, kilipatikana wapi, kwa nani, lini. Daftari la shule la kurasa arobaini linatosha. Sarafu ya shaba ya heller ishirini (heller ilikuwa fedha ndogo ya koloni la Wajerumani), iliyofuliwa Tabora mwaka 1916 katika karakana ya reli wakati Wajerumani walipokuwa wamezingirwa na hawawezi kuletewa sarafu kutoka kwao, si kitu adimu sana. Ina herufi T ndogo chini ya mwaka, na wapo wazee wa Tabora ambao bado wanazo. Sarafu hiyo ikiwa peke yake ni kipande cha chuma. Ikiwa na maandishi ya mtoto kwamba aliipata kwa nyanya yake, ambaye naye aliipata kwa baba yake aliyekuwa mpagazi wa vita, imekuwa ushahidi. Wapagazi wale wa vita, waliokufa kwa maelfu kwa maradhi na njaa, hawakuachiwa kumbukumbu nyingi za maandishi. Mjukuu mwenye kalamu ya risasi anaweza kuongeza moja.

Nitapita haraka katika utunzaji, ingawa sisi wa pwani tuna shida ambazo vitabu vya Ulaya havizielezi. Masika yakiingia, stempu ambazo hazijatumika hugandana kwa gundi yake zenyewe, kwa hiyo zitenganishwe kwa karatasi na ziwekwe ndani ya kopo lisilopitisha unyevu. Sarafu za shaba huota kutu ya kijani kwa hewa ya chumvi. Zishikwe ukingoni, zikae katika bahasha ndogo za karatasi kavu, na zisisuguliwe kwa majivu, ndimu wala dawa ya kung'arishia vyombo; sarafu iliyosuguliwa inang'aa, lakini ngozi yake imekwisha kuondoka na hairudi. Selotepu na gundi ya maji vikae mbali kabisa na stempu. Mchwa kila mmoja anawajua. Na nyumba yenye mtoto mchanga isiache sarafu mahali anapofikia, kwani atazimeza.

Sasa yapo mambo mawili ambayo sipendi watoto wetu wafundishwe kuyakusanya ovyo, na katika haya sina upole. La kwanza ni vitu vya kale vinavyookotwa ardhini. Pwani yetu imejaa vigae, shanga na vipande vya vyungu, na Kilwa Kisiwani hata fulusi za shaba za masultani wa Kilwa zimeonekana, zile ambazo maandishi ya upande mmoja yana vina na ya upande wa pili. Sarafu tano za Kilwa ziliokotwa na askari mmoja katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, mwaka 1944, na nyingine ilipatikana Zimbabwe Kuu, na hadi leo wataalamu wanajadiliana zile za Australia zilifikaje huko. Mjadala huo ni mgumu kwa sababu ya namna zilivyookotwa, bila kuandikwa vema zilikuwa zimelala wapi na kando ya nini. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na mtoto anayekiona kitu cha namna hiyo afundishwe kukiacha pale pale, kukichora, na kumwambia mwalimu wake au ofisi ya mambo ya kale.

Najua nitajibiwa kwamba Louis Leakey, yule mtafiti maarufu wa mabaki ya watu wa kale, alianza kwa kuokota. Ni kweli. Alizaliwa Kabete mwaka 1903, na akiwa bado mvulana alianza kukusanya vipande vya mawe meusi yanayong'aa, mpaka Arthur Loveridge, aliyekuwa mtunzaji wa makumbusho ya Nairobi, alipovitazama na kumthibitishia kwamba baadhi yake ni zana za watu wa kale. Makumbusho yenyewe yalikuwa yameanzishwa mwaka 1910 na chama cha wapenzi wa elimu ya viumbe, yaani wakusanyaji wa ridhaa. Lakini katika kisa hicho nakiona zaidi kile alichokipata mvulana yule na ambacho wa kwetu hawakipati: mtu wa makumbusho aliyekubali kuacha kazi yake akatazama mawe ya mtoto bila kumcheka.

Jambo la pili ni makombe. Mtoto akiokota kombe tupu lililotupwa na maji, aliandike katika daftari, hakuna ubaya, ilimradi si ndani ya hifadhi ya bahari kama ya Mafia na ilimradi hachukui kapu zima, kwa kuwa kaa wengi huhamia humo. Makombe yale makubwa yanayong'aa, yanayouzwa kwa watalii kando ya barabara, mengi yake hayakuokotwa. Yalichukuliwa baharini yakiwa na mnyama hai ndani, akachemshwa. Miongoni mwao yumo konokono mkubwa aitwaye tarumbeta, ambaye hula kiti cha pweza chenye miiba, adui wa matumbawe, na anapoondolewa mwamba hubaki bila mlinzi. Tena wapo konokono wa bahari wenye umbo la pia, wenye madoa mazuri mno, ambao wakiwa hai huchoma kwa sumu inayoweza kumuua mtu mzima. Mtoto asishike asichokijua.

Kwa mzazi ambaye hana senti ya kutoa, na ndio walio wengi, kuna mkusanyo ambao naupendekeza kuliko yote niliyoyataja, kwa kuwa hauhitaji kununua, kuomba wala kuokota. Mpe mtoto daftari akusanye majina ya kanga. Kila kanga ina pindo, mji na jina, na kila nyumba ya pwani, na nyingi za bara, ina kanga sandukuni. Aandike jina kama lilivyo, pamoja na makosa yake ya tahajia, achore pindo lake, aulize ilinunuliwa lini, nani alimpa nani, na kwa sababu gani. Zipo za harusi, zipo za msiba, zipo za mipasho ambazo shangazi atakataa kumweleza mtoto maana yake mpaka akue, na zipo za matukio, kama ile iliyotoka baada ya uchaguzi wa Marekani wa mwaka 2008 ikimpongeza Barack Obama. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, linalojulikana kwa chapa ya «Mali ya Abdulla», limekuwa likiuza kanga tangu mwaka 1887. Majina yaliyopita humo ni fasihi nzima, na sehemu yake kubwa haijaandikwa popote isipokuwa juu ya nguo yenyewe, ambayo huchakaa, ikawa ya kubebea mtoto, ikawa tambara.

Ninayo maombi machache. Shirika la Posta lingeweza kuwauzia wanafunzi vifurushi vidogo vya stempu za miaka iliyopita kwa bei ya daftari, badala ya kuzielekeza kwa watalii na wakusanyaji wakubwa peke yao. Makumbusho yetu ya Dar es Salaam na ya Beit el Amani, Zanzibar, yangeweza kutenga asubuhi moja ya Jumamosi kwa mwezi, mtoto yeyote akafika na kopo lake, mtaalamu akamwambia alichonacho ni nini. Asitajiwe bei.

Ombi la mwisho ni kwako wewe, Mhariri. Magazeti ya Kiswahili yalikuwa na ukurasa wa marafiki wa kalamu, ambamo vijana waliandika majina yao, anuani zao na hobi zao, na kukusanya stempu hakukukosekana. Naomba uufufue kwa ajili ya watoto wanaotaka kubadilishana vitu vilivyozidi katika mikusanyo yao: sungura wangu wawili kwa faru wako mmoja. Anuani zitakazochapishwa ziwe za shule wala zisiwe za nyumbani, barua zipitie kwa mwalimu, na pawepo kanuni moja, kwamba mtoto akijuta katika juma la kwanza arudishiwe chake bila ugomvi, kwa maana wakubwa huwapunja wadogo katika mabadilishano kama haya, nami nimeamua kesi nyingi za namna hiyo. Kama utapungukiwa na mtu wa kuusimamia ukurasa huo, mimi nina muda.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mstaafu wa Historia,
Tanga